Mzigo wa Kariokor

Shosho yangu aliposikia kwamba nimelipa Sh2,500 ili nibebe mzigo usiku kucha, alinyamaza kwenye simu hadi nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, "Umelipa wewe? Si wao ndio wanakulipa?"

Nikamweleza kwamba ni mazoezi. Tunatembea kama jeshi, watu kumi na moja, kila mmoja na begi la kilo 15 mgongoni, kuanzia saa tatu usiku mpaka jua litoke. Akacheka kicheko chake kile cha kukohoa. "Sawa. Lakini huko kwetu aliyebeba mzigo na wanajeshi hakurudi," akasema, kisha akaanza kuniuliza kama nimekula.

Hilo neno la hakurudi nilienda nalo Ngong.

Haya matembezi ya mabegi mazito yana asili yake. Huko Marekani kuna kampuni inaitwa GORUCK, iliyoanzishwa na Jason McCarthy, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa vikosi maalum. Yeye alichukua mazoezi ya jeshi akayauza kwa raia: begi lenye uzito, kiongozi anayetoa amri, usiku mzima barabarani, na timu ambayo lazima imalize pamoja. Kabla ya hapo, mwaka 1981, wanajeshi wa Gurkha waliokuwa Hong Kong walianzisha Trailwalker, timu ya watu wanne wakitembea kilomita 100 vilimani. Yalikuwa mazoezi yao ya kijeshi, yakageuka kuwa harambee ambayo raia waliingia miaka michache baadaye. Sisi tuliokutana Ngong ni wajukuu wa mbali wa mambo hayo. Wengi ni watu wa ofisi ambao mchana kutwa wamekaa kwenye viti.

Kiongozi wetu ni mwanajeshi mstaafu. Tulimwita Afande tu. Hakupiga kelele hata mara moja, na hilo ndilo lilitutisha. Alipima mabegi kwa mizani ya kuninginiza, ile ya watu wa kununua vyuma kuukuu. Wengine walikuwa wamejaza mchanga, mmoja alikuwa na vitabu vya sheria. Mimi nilikuwa na pakiti saba za unga wa mahindi za kilo mbili mbili, na chupa ya maji. Unga sikuuchagua kwa maana yoyote. Ndio kitu kizito nilichokuwa nacho ambacho baadaye ningekula.

Kisha Afande akatoa gunia la mchanga la kilo 25. "Hili ni la timu," akasema. "Mtapokezana. Likiguswa na ardhi, mnaanza upya. Na hakuna mtu anaachwa nyuma. Mwenzako akichoka, begi lake ni lako."

Kilo 25. Nilipolichukua kwa zamu yangu ya kwanza, tukiwa tumeuacha mji wa Ngong na kuingia kwenye barabara ya vumbi kuelekea Kiserian, nilijua hesabu hiyo nimewahi kuisoma mahali.

Agosti 1914, Waingereza wa Nairobi na Wajerumani wa Dar es Salaam waliingia vitani kwa sababu ya ugomvi wa Ulaya. Novemba mwaka huohuo Waingereza walijaribu kuiteka Tanga kutoka baharini wakapigwa vibaya. Siku zilezile jeshi lao jingine lilishambulia Longido, ng'ambo kidogo ya pale tunapopaita Namanga leo, nalo likarudi nyuma. Hapo ndipo walipogundua kwamba hii haitakuwa vita ya wiki mbili. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuwa na haja ya kushinda. Alitaka tu afukuzwe, awachoshe, awazuie wanajeshi wa Uingereza huku wasiende Ulaya. Alifukuzwa kwa miaka minne, kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akarudi, na hatimaye akasalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya walikuwa wameshanyamazisha bunduki wiki mbili nzima.

Sasa jiulize swali ambalo filamu za vita huwa haziulizi. Hao wanajeshi walikuwa wanakula nini? Nani aliwapelekea?

Reli zilikuwa chache. Barabara za magari zilikuwa chache zaidi, na mvua ikinyesha zinakuwa mto. Farasi, punda na ng'ombe waliletwa kwa maelfu, lakini mbung'o waliwamaliza. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mtu. Serikali ya kikoloni ikaunda kikosi kiitwacho Carrier Corps, chini ya Mwingereza aitwaye Oscar Watkins. Watu wetu walilitafuna jina hilo mpaka likakaa vizuri mdomoni: Kariakoo, Kariokor. Ukishuka leo pale Kariokor, Nairobi, kununua kiondo au viatu vya akala, au kula nyama Jumapili na marafiki, unasimama kwenye mtaa uliopewa jina na kambi ya wapagazi. Dar es Salaam wana Kariakoo yao, soko kubwa linalojulikana Afrika Mashariki nzima, na jina limetoka palepale.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 50, yaani kilo 23 hivi. Juu ya huo aliongeza blanketi lake na vyombo vyake. Chakula chake kwa siku, kikipatikana, kilikuwa karibu kilo moja ya unga au mchele.

Ifanye hesabu hii taratibu, kama nilivyoifanya mimi gizani. Mtu amebeba kilo 23 za unga kuwapelekea askari. Akitembea siku tano kwenda na siku tano kurudi, akila kutoka mzigo huohuo, atakula kilo 10 na kufikisha 13. Safari ikiwa siku kumi kwenda na kumi kurudi, atakula 20 na kufikisha kilo tatu. Ikifika siku kumi na mbili, ametembea bure. Kwa hivyo kadiri Lettow-Vorbeck alivyokimbilia kusini, ndivyo mstari wa wapagazi ulivyorefuka, na ndivyo walivyohitajika wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi wengine. Vituo vikawekwa njiani, huyu anampokeza yule, na kila kituo kinataka watu. Ukiielewa hesabu hii, unaelewa kwa nini upande wa Waingereza peke yake ulitumia watu wanaokaribia milioni moja kufikia mwisho wa vita. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, wengi wakikamatwa vijijini njia nzima. Wabelgiji walikuwa nao kutoka Kongo, Wareno walikuwa nao Msumbiji. Ilikuwa vita ya Wazungu iliyotembea kwa miguu ya Waafrika.

Saa saba usiku tulipumzika dakika kumi. Dada mmoja wa timu yetu, anayefanya kazi benki, alivua kiatu na soksi ikatoka na ngozi. Hakulia. Alitazama tu kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Afande akaleta plasta na pamba, akamfunga, akamuuliza jina la mama yake na leo ni siku gani, ili ajue kama akili iko sawa. Ndizi zikapita, maji yakapita. Mtu akachukua begi lake akalibeba kifuani, lake mwenyewe likiwa mgongoni. Tukaendelea.

Nami nilikuwa nafikiria chakula cha wale wengine.

Wapagazi hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na matumbo. Vijana walitoka sehemu mbalimbali, kila mmoja na chakula alichozoea: huyu mtama na wimbi, huyu ndizi, huyu viazi na maharagwe. Walipofika kambini wakapewa unga wa mahindi, pengine umekobolewa vibaya, pengine umelowa. Ugali unahitaji sufuria, maji, kuni kavu na muda. Mtu aliyetembea mchana kutwa na kilo 23 anafika kambini giza limeingia, kuni zimelowa, sufuria moja kwa watu wengi. Anakula unga nusu mbichi. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Tumbo linachanika, kuhara damu kunaanza, na mwili uliokuwa umekonda unakosa pa kushika. Ongeza malaria kwa mtu wa nyanda za juu ambaye hakuwahi kuumwa nayo. Ongeza nimonia kwa mtu anayelala kwenye matope. Mapema mwaka 1917, Rufiji ilipofurika, njia ziligeuka kuwa maziwa na watu walibeba mizigo wakiwa ndani ya maji.

Nilikuwa nimebeba unga kilo 14, tena uliosagwa laini na kufungwa kwenye pakiti zenye maelezo ya jinsi ya kupika. Niliona aibu kidogo, sitaficha.

Watu hawakukimbilia kazi hii. Mwanzoni walikuwepo waliojitolea kwa mshahara, lakini habari zilirudi nyumbani kabla ya wenyewe. Machifu wakapewa idadi ya vijana wa kutoa. Mwaka 1915 sheria ikapitishwa ya kuwalazimisha. Machi 1917, wakati jeshi lilikuwa limekwama kusini kwa kukosa wabebaji, kazi ya kuwakusanya ilipewa John Ainsworth, afisa aliyewajua watu wa nchi hii kwa miaka mingi. Katika miezi michache zaidi ya vijana 100,000 walichukuliwa. Wengine walikamatwa usiku. Wengine walijificha msituni au kwa jamaa wa mbali. Kijana mmoja wa Kikuyu aliyekwenda kukaa na jamaa zake Wamaasai upande wa Narok wakati huo ndiye baadaye tulimjua kama Jomo Kenyatta.

Kukiwa na kijana mmoja aliyeponea Narok, kulikuwa na wengine ambao hawakuwa na jamaa Narok.

Huyo wa kwetu, kwa mujibu wa Shosho, alikuwa ndugu mdogo wa guka ya baba yake. Alichukuliwa akiwa bado hajaoa. Ndiyo hadithi yote. Nilipompigia tena kabla ya matembezi na kumuuliza jina, alisema hajui. "Jina lake halikurudishwa," akasema.

Kwa asiyejua, sisi Wakikuyu tunarudisha majina. Mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, halafu wanafuata baba wadogo na wajomba kwa zamu zao. Mtu hafi kabisa maadamu kuna mtoto anayeitwa jina lake na kutumwa dukani. Lakini aliyekufa bila mtoto anasubiri ndugu zake wazae wa kutosha ili zamu yake ifike. Mwaka 1918 haikuwa zamani za kuzaa wa kutosha. Mvua zilikuwa zimekataa, njaa imeingia, na mafua ya Kihispania yakapita yakimaliza nyumba nzima. Zamu yake haikufika.

Pale Kenyatta Avenue katikati ya Nairobi kuna sanamu tatu za shaba ambazo umepita mara mia ukikimbilia matatu. Askari wa KAR, mpiganaji wa Kiarabu, na mpagazi. Zilizinduliwa mwaka 1928. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na aliyeyatunga ni Rudyard Kipling. Yanawasifu wapagazi kwamba walikuwa ndio viungo vya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Mara ya kwanza kuyasoma vizuri nilikuwa namsubiri rafiki aliyechelewa. Nilizunguka sanamu nzima nikitafuta majina. Hakuna hata moja.

Haikuwa kusahau. Baada ya vita, tume iliyopewa kazi ya kuwakumbuka waliokufa wa milki ya Uingereza ilikuwa na kanuni nzuri sana: kila aliyekufa ataandikwa jina, bila kujali cheo. Ulaya walifanya hivyo, na ukienda Ufaransa utaona mawe meupe yamejipanga hadi macho yachoke. Huku Afrika Mashariki waliamua kwamba sanamu inatosha. Gavana mmoja wa Afrika Magharibi alisema wakati huo kwamba mwenyeji wa kawaida hangethamini jiwe la kaburi. Makaburi ya wapagazi yakaachwa yarudi kuwa msitu. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba kati ya watu 116,000 na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Tazama upana wa hiyo hesabu: kati ya namba ya chini na ya juu kuna watu zaidi ya laki mbili ambao hakuna anayeweza kusema kama walikuwepo.

Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, na waliotoka Kenya peke yake ni zaidi ya 40,000. Ukijaza uwanja wa Nyayo mpaka pomoni, bado wengine watabaki nje.

Mishahara ya waliokufa bila jamaa kupatikana ilibaki kwa serikali. Watkins na Ainsworth walisukuma pesa hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ikakataa. Wanajeshi Wazungu waliorudi walipewa mashamba katika nyanda za juu kuanzia 1919. Mpagazi aliyerudi alipewa kipande, cheti cha alama za vidole ndani ya kijaluba cha chuma, akivae shingoni ili ajulikane anafanya kazi kwa nani. Ile njia ya kuwaandikisha watu kwa wingi na kuwafuatilia ilikuwa imejaribiwa kwa wapagazi wakati wa vita. Kwa hivyo jeshi lilijua kuhesabu watu vizuri. Lilishindwa kuwahesabu walipokufa tu.

Lakini waliorudi hawakurudi walivyoondoka. Walikuwa wamemwona Mzungu akiogopa, akiugua, akiuawa na Mzungu mwenzake. Walikuwa wamelala kambi moja na Mluo, Mkamba, Mnyamwezi, Mganda, wakizungumza Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine iliyowatosha wote. Mwaka 1921 Harry Thuku akiwa Nairobi na vijana wa Piny Owacho wakiwa Nyanza walianza kuuliza kwa sauti kuhusu kipande, kodi na ardhi. Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi kudai Thuku aachiliwe na polisi wakafyatua risasi. Siwezi kusema wapagazi ndio walioleta siasa za Kenya. Nasema tu kwamba yale maswali hayakutoka hewani.

Saa kumi alfajiri ilikuwa zamu yangu tena ya gunia. Mitambo ya upepo juu ya vilima vya Ngong ilikuwa inazunguka na taa zake nyekundu. Nilibeba kama hatua mia mbili, magoti yakaanza kutetemeka, nikasema kwa sauti ndogo, "Siwezi." Sikumaliza hata neno. Mikono miwili ilishaingia chini ya gunia kutoka nyuma. Mwenye vitabu vya sheria ndiye aliyelichukua, na hakusema kitu.

Hapo ndipo tofauti kati yetu na wao ilinikaa vizuri, na haikuwa kilo wala kilomita. Maana siku mbili hizi nilikuwa najipimia nao kama mjinga. Mimi nilikuwa na sheria inayosema sitaachwa nyuma. Mpagazi akiishiwa nguvu, sheria ilihusu mzigo. Unga ulipaswa kufika. Mzigo wake ulipewa mwingine na yeye akakalishwa kando ya njia, na msafara ukaenda.

Tulimaliza saa kumi na mbili na nusu. Afande alitupa mkono mmoja mmoja. Picha zikapigwa. Watu wakapanda magari ya Uber, mimi nikapanda matatu na begi langu la unga, konda akanidai pesa ya mzigo, nikalipa bila kubishana.

Novemba 2023, Mfalme Charles alipozuru Kenya, alikwenda kwenye makaburi ya Kariokor na kukutana na wakongwe wa Vita vya Pili vya Dunia. Nilifuatilia kwenye simu kama wengi. Ni jambo la heshima, na wazee wale walistahili. Ila mtaa wenyewe unaitwa Kariokor kwa sababu ya watu wa vita vya kwanza, na hao hawana mkongwe hata mmoja wa kupokea medali. Waliobaki ni sisi, na hatujui majina. Tume ya makaburi sasa inatafuta kwenye kumbukumbu za zamani za jeshi, na majina yameanza kupatikana, maelfu machache. Ni kazi ya makaratasi. Lakini yale ambayo karatasi haikuandika yako kwa watu, na watu wenyewe wana miaka themanini, tisini.

Nilimpigia Shosho Jumapili jioni, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Aliuliza kama tulifika. Nikamwambia tulifika wote. "Wote?" Wote.

Kisha akaniambia amekuwa akifikiria. Kuna mzee wa ukoo huko Kangema, amepita tisini, masikio yamekwisha lakini kichwa bado. Baba yake alikuwa rika moja na yule kijana. Pengine anajua aliitwa nani.

Naenda Jumamosi ijayo. Shosho ameniambia nisiende mikono mitupu, nimbebee mzee unga na sukari. Unga ninao tayari, pakiti saba, na begi ni lilelile.